Elektroni, Nuru na Kipimo cha Madini: Maelezo ya Fizikia ya Kwanta kwa Msomaji wa Kiswahili

1.0 Utangulizi

Mji wa Kamina umejengwa penye njia panda ya reli. Reli itokayo Lubumbashi na kupitia Bukama hufika hapo na kugawanyika: tawi moja huelekea Ilebo, lililokamilika mwaka 1928, na tawi jingine huelekea Kabalo, lililounganishwa mwaka 1956. Kwa miongo mingi shaba ya Katanga ilipita Kamina katika mabehewa, ikaenda Ilebo, ikapakiwa katika meli za mtoni hadi Kinshasa, na kutoka hapo ikasafirishwa kwa reli hadi bandari ya Matadi. Kabla ya reli, shaba ilikuwa imekwisha kusafiri kwa miguu na kwa mitumbwi. Katika makaburi ya kale ya Sanga, kandokando ya Ziwa Kisale katika jimbo hilohilo la Haut-Lomami, wanaakiolojia waliofukua mnamo 1957 na 1958 walikuta misalaba midogo ya shaba iliyozikwa pamoja na wafu. Hata jina la nchi lilifuata madini hayo: kati ya mwaka 1971 na 1997 Katanga yote iliitwa Shaba, kwa neno la Kiswahili.

Pamoja na ukaribu huo wa muda mrefu, swali la msingi kuhusu shaba na mwenzake kobalti halijazoeleka kuulizwa kwa Kiswahili: ni kitu gani ndani ya atomu ya shaba kinachoifanya iwe shaba wala isiwe kobalti, na mtu anawezaje kulijua jambo hilo kwa kutazama nuru tu? Swali hili si la darasani pekee. Katika masoko ya madini ya Kolwezi, jimboni Lualaba, bei ya gunia la mchimbaji mdogo huamuliwa na chombo cha mkononi kinachosoma nuru ya atomu na kutoa namba kwa muda mfupi. Mwenye gunia huiona namba, lakini njia iliyoizaa haioni.

Makala haya yana madhumuni mawili. Kwanza, yanaeleza kwa Kiswahili hali za elektroni katika atomu, jinsi zinavyozalisha nuru, na jinsi nuru hiyo inavyotumika katika chombo hicho na katika leza. Pili, yanaonyesha kwamba maneno yanayochaguliwa kuelezea mambo hayo, hasa neno *kipimo*, yana athari katika uelewa wa watu na katika haki yao ya kuuliza.

2.0 Atomu na Hali za Elektroni

Atomu ina kiini chenye chaji chanya, na kukizunguka kiini kuna elektroni zenye chaji hasi. Idadi ya protoni katika kiini huitwa namba ya atomu, nayo ndiyo kitambulisho cha elementi. Chuma ni 26, kobalti ni 27, nikeli ni 28 na shaba ni 29. Atomu isiyo na chaji huwa na elektroni sawa na protoni zake.

Mwishoni mwa karne ya 19 ilijulikana kuwa gesi inayopashwa umeme hutoa nuru ya rangi chache zilizo dhahiri, ambazo zikitawanywa kwa kioo cha pembe tatu huonekana kama mistari iliyoachana. Haidrojeni, kwa mfano, hutoa mstari mwekundu wa urefu wa wimbi wa nanomita 656 na mwingine wa buluu-kijani wa nanomita 486. Kwa nini mistari, na si upinde kamili wa rangi zote? Fizikia ya wakati huo haikuwa na jibu.

Jibu lilijengwa kwa hatua. Mwaka 1900 Max Planck alipendekeza kwamba nishati ya mnururisho hubadilishana na maada kwa mafungu, na fungu hilo likapewa jina la kwanta. Mwaka 1905 Albert Einstein alieleza kuwa nuru yenyewe husafiri kwa mafungu hayo, ambayo baadaye yaliitwa fotoni. Mwaka 1913 Niels Bohr akalipeleka wazo hilo ndani ya atomu: elektroni haiwezi kuwa na nishati yoyote ile, bali huruhusiwa kuwa katika hali maalumu tu. Inaposhuka kutoka hali ya juu hadi ya chini, tofauti ya nishati hutoka kama fotoni moja.

Kwa haidrojeni hesabu ni nyepesi. Nishati ya hali ya kwanza ni elektronivolti (eV) 13.6 chini ya sifuri, ya pili ni 3.40 chini ya sifuri, na ya tatu ni 1.51. Elektroni ikishuka kutoka ya tatu hadi ya pili hutoa 3.40 kutoa 1.51, yaani eV 1.89. Fotoni yenye nishati hiyo ina urefu wa wimbi wa nanomita 656, ndio mstari mwekundu uliotajwa hapo juu. Ikishuka kutoka ya pili hadi ya kwanza hutoa eV 10.2. Namba hii ya 10.2 itakumbukwa, kwa kuwa itarudi kazini katika sehemu ya nne.

Mwalimu anayetafuta mfano anaweza kuitazama reli. Treni itokayo Kamina kwenda Bukama hupakia na kushusha abiria vituoni tu. Hakuna abiria anayehesabiwa kuwa ameshukia kati ya kituo na kituo. Mfano huu unafaa kwa upande mmja na unapotosha kwa upande mwingine, na ni vema mwanafunzi aelezwe yote mawili. Unafaa kwa sababu hali za elektroni zinahesabika kama vituo. Unapotosha kwa sababu treni hupita kila hatua ya njia iliyo kati ya vituo viwili, ilhali elektroni haina nishati iliyothibiti kati ya hali mbili zinazoruhusiwa.

Mfano ulio karibu zaidi na ukweli ni waya wa gitaa. Waya uliofungwa ncha zote mbili hauwezi kutoa sauti ya namna yoyote; hutoa sauti zile tu ambazo mawimbi yake yanaenea sawasawa kati ya ncha na ncha. Mwaka 1924 Louis de Broglie alipendekeza kwamba elektroni nayo ina tabia ya wimbi, na mwaka 1926 Erwin Schrödinger akaandika mlinganyo wa wimbi hilo. Wimbi la elektroni likiwa limefungwa karibu na kiini kwa mvuto wa chaji, maumbo machache tu ndiyo yanayowezekana, na kila umbo lina nishati yake. Kwa sababu hiyo neno *hali* linafaa zaidi kuliko neno *njia* au *mzingo*, yanayomfanya msomaji awazie sayari ndogo inayozunguka jua.

Limebaki suala la elektroni nyingi. Mwaka 1925 Wolfgang Pauli alionyesha kuwa elektroni mbili haziwezi kuwa katika hali moja kamili. Ndiyo maana elektroni hujipanga kwa matabaka: tabaka la kwanza, liitwalo K, hubeba 2, la pili, L, hubeba 8, la tatu, M, hubeba hadi 18. Elektroni 29 za shaba zimepangwa 2, 8, 18 na 1. Elektroni 27 za kobalti zimepangwa 2, 8, 15 na 2.

3.0 Rangi Zinazoonekana kwa Macho

Elektroni za nje ndizo zinazohusika na rangi ambazo watu wa Katanga wamezijua tangu zamani. Jiwe la malakiti ni la kijani kwa kuwa elektroni za tabaka la tatu katika shaba yake hufyonza sehemu nyekundu ya nuru ya jua, na jicho hupokea kinachobaki. Kioo kilichotiwa kobalti ni cha buluu kwa kuwa kobalti iliyomo hufyonza nuru ya manjano na nyekundu. Chumvi ya shaba ikitupwa motoni huufanya mwali kuwa wa kijani. Hapo nuru hutolewa kwa sehemu kubwa na molekuli zenye shaba ambazo elektroni zake zimepandishwa na joto na sasa zinashuka.

Lakini elektroni za nje zina tabia moja inayozifanya zisiwe mashahidi wa kutegemewa: hali zake hubadilika kulingana na majirani. Shaba ileile iliyo kijani katika malakiti ni buluu katika azuriti, na ni nyekundu ikiwa metali safi. Kobalti inayokipa kioo rangi ya buluu huonekana nyeusi katika heterojeniti, ambayo ndiyo aina ya mawe ya kobalti yanayochimbwa sana kwa mkono katika eneo la Kolwezi. Mawe mengine meusi, kama yale ya manganizi, yanaweza kufanana nayo sana. Hata jina *kobalti* lina historia ya udanganyifu. Linatokana na neno la Kijerumani la pepo wa migodini, kwa sababu wachimbaji wa Ulaya walipata mawe yaliyofanana na ya fedha, wakayayeyusha, wasipate fedha. Georg Brandt wa Uswidi ndiye aliyetambua, katika miaka ya 1730, kwamba ndani yake mlikuwa na metali ya peke yake.

Hivyo basi, jicho la mchimbaji mzoefu linaweza kutambua aina ya jiwe, lakini haliwezi kusema kama jiwe lina kobalti asilimia 2 au 5. Kwa kazi hiyo inabidi ziulizwe elektroni za ndani.

4.0 Elektroni za Ndani na Kanuni ya Moseley

Elektroni mbili za tabaka la K zimekaa karibu na kiini, zimefunikwa na matabaka mengine yote, na hazijali kama atomu imeungana na oksijeni, kaboni au kitu kingine. Kuzing'oa kunahitaji nishati kubwa: takriban eV 7,700 kwa kobalti na eV 8,980 kwa shaba. Nuru ya kawaida, yenye eV 2 au 3 kwa kila fotoni, haiwezi kazi hiyo. Eksirei zinaiweza.

Eksirei ikiing'oa elektroni moja ya tabaka la K, pengo hubaki. Elektroni ya tabaka la L hushuka kuliziba, na tofauti ya nishati hutoka kama eksirei mpya. Eksirei hiyo huitwa mstari wa K-alfa. Ikiwa aliyeshuka ametoka tabaka la M, mstari huitwa K-beta, nao una nishati kubwa zaidi kidogo.

Mwaka 1913 kijana wa Kiingereza, Henry Moseley, akifanya kazi katika Chuo Kikuu cha Manchester, alipima mistari hii kwa elementi kadhaa na kugundua kanuni nyepesi ajabu. Chukua namba ya atomu, punguza 1, zidisha kinachobaki kwa chenyewe, kisha zidisha kwa eV 10.2. Namba 10.2 ni ileile ya haidrojeni kutoka hali ya pili hadi ya kwanza; moja inayopunguzwa inawakilisha kivuli cha elektroni iliyobaki katika tabaka la K. Kwa shaba: 28 mara 28 ni 784, mara 10.2 ni takriban eV 8,000. Kinachopimwa ni eV 8,040 hivi. Kwa kobalti: 26 mara 26 ni 676, mara 10.2 ni takriban eV 6,900. Kinachopimwa ni 6,930. Mwanafunzi mwenye kalamu na karatasi anaweza kufika karibu kabisa na namba za maabara.

Katika kazi hiyo kobalti ilikuwa na nafasi ya pekee. Elementi zilikuwa zimezoeleka kupangwa kwa uzito wa atomu, na kwa uzito nikeli (58.69) ingepaswa kuitangulia kobalti (58.93), ingawa tabia za kikemia zilidai kinyume chake. Mistari ya eksirei ilimaliza ubishi: kobalti ni 27, nikeli ni 28. Tangu hapo ilikubalika kuwa elementi hupangwa kwa chaji ya kiini. Moseley hakuishi kuona matunda ya kanuni yake. Aliuawa vitani Gallipoli mwezi Agosti 1915, akiwa na umri wa miaka 27.

5.0 Chombo cha Sokoni

Karibu na Kolwezi, hasa katika soko la Musompo, chombo kinachopima madini huitwa *metorex*. Neno hili lilikuwa jina la mtengenezaji wa Ufini aliyeunda vyombo vya aina hiyo. Sokoni limekuwa nomino ya kawaida, likitumika kwa chombo chochote cha namna hiyo hata kama kimetoka kiwanda kingine. Ni mwenendo unaojulikana katika lugha nyingi, na katika Kiswahili nomino kama hii huingia bila taabu katika ngeli ya 9 na 10.

Chombo chenyewe hufanya kile alichofanya Moseley. Ndani yake mna mrija mdogo wa eksirei. Eksirei hupiga sampuli, hung'oa elektroni za ndani, na kitambuzi hupokea eksirei zinazorudi, kikipima nishati ya kila fotoni moja moja. Fotoni zenye eV 6,930 huhesabiwa upande wa kobalti, na zenye eV 8,040 upande wa shaba. Kutokana na wingi wa fotoni katika kila fungu, programu hukadiria asilimia. Asilimia hiyo, ambayo wachimbaji na wanunuzi huiita kwa Kifaransa *teneur*, ndiyo inayopangiwa bei.

Ni muhimu kuelewa kuwa chombo kinahesabu fotoni, na asilimia ni hitimisho linalofikiwa baadaye. Kati ya hesabu na hitimisho kuna mambo manne yanayoweza kulipotosha.

(i) Kuingiliana kwa mistari. Mstari wa K-beta wa chuma una eV 7,058, na K-alfa ya kobalti ina eV 6,930. Tofauti ni eV 128 tu, ilhali kitambuzi cha chombo cha mkononi hutawanya kila mstari kwa kiasi kama hicho au zaidi. Katika jiwe lenye chuma kingi, fotoni za chuma hujichanganya na za kobalti, na programu isiyopangwa vema inaweza kuongeza au kupunguza kobalti isivyostahili.

(ii) Athari ya shaba juu ya kobalti. K-alfa ya shaba ina eV 8,040, na kuing'oa elektroni ya K ya kobalti kunahitaji takriban eV 7,700 tu. Kwa hiyo, eksirei ya shaba ikiwa njiani kutoka ndani ya jiwe inaweza kumezwa na atomu ya kobalti, nayo kobalti ikatoa eksirei yake. Matokeo yake ni kwamba kobalti huonekana zaidi ya ilivyo, na shaba pungufu ya ilivyo. Katika mawe ya Katanga, ambamo shaba na kobalti hukaa pamoja, athari hii haiepukiki. Inabidi isahihishwe kwa kulinganisha na sampuli za aina hiyohiyo ambazo viwango vyake vimekwisha kujulikana.

(iii) Kina. Eksirei ya kobalti haiwezi kutoka ndani sana ya jiwe. Kinachosomwa ni tabaka la juu lisilozidi nusu milimita. Chombo kikielekezwa kwenye jiwe moja juu ya gunia, namba inayotoka ni ya ngozi ya jiwe hilo. Gunia lenyewe halijapimwa.

(iv) Maji. Jiwe bichi lina maji, na maji hufyonza eksirei na kujaza nafasi ya madini. Aidha, hupunguza asilimia huku yakiongeza uzito, hivyo ni lazima ijulikane kama kilo na asilimia zilipimwa katika hali moja.

Ukubwa wa jambo unaonekana kwa hesabu fupi. Katika tani moja ya mawe, tofauti ya asilimia 1 ni kilo 10 za kobalti. Mtu aliyechimba tani hiyo kwa mikono, akisomewa 3 badala ya 4, ameondolewa robo ya alichokitoa ardhini. Ripoti ya Amnesty International na Afrewatch iliyotolewa Januari 2016 ilieleza kuwa wachimbaji wadogo hawakuwa na njia huru ya kuhakiki uzito wala kiwango cha madini waliyouza, wakalazimika kuikubali bei waliyopewa. Fizikia haiwezi kusema nani ni mwaminifu na nani si mwaminifu. Inachoweza kufanya ni kuonyesha mahali ambapo swali halali linaweza kuulizwa: Je, sampuli ilichukuliwa sehemu mbalimbali za gunia? Ilikaushwa, ikasagwa na kuchanganywa? Ilipimwa zaidi ya mara moja? Chombo kililinganishwa lini mara ya mwisho na sampuli inayojulikana, na sampuli hiyo ilikuwa ya mawe ya namna gani? Mpimaji anayeijua kazi yake ana majibu ya maswali haya yote.

6.0 Leza

Katika mifano iliyotolewa hadi sasa, elektroni iliyopandishwa hushuka yenyewe, kwa wakati wake, na fotoni hutoka kuelekea upande wowote. Huu ni utoaji wa hiari. Mwaka 1917 Einstein alionyesha kwamba kuna namna ya pili. Fotoni yenye nishati inayolingana kabisa na tofauti ya hali mbili ikipita karibu na atomu iliyopandishwa, huichochea itoe fotoni nyingine iliyo sawa nayo kwa nishati, kwa mwelekeo na kwa mwendo wa wimbi. Huu ni utoaji wa kuchochewa. Fotoni moja huwa mbili, mbili huwa nne.

Kikwazo ni kwamba fotoni hiyohiyo ikikuta atomu iliyo katika hali ya chini humezwa. Ili kuzidisha kushinde kumeza, atomu zilizo juu zinapaswa kuwa nyingi kuliko zilizo chini, jambo lililo kinyume cha mpangilio wa kawaida wa maumbile. Hali hiyo inaweza kuitwa *kupinduliwa kwa idadi*. Hurahisishwa pale atomu inapokuwa na hali ya kukawia, ambamo elektroni hukaa muda mrefu kabla ya kushuka, hivyo zikalimbikizwa. Tarehe 16 Mei 1960, huko Malibu, Marekani, Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza kwa fimbo ya yakuti yenye kromiamu kidogo. Nuru yake ilikuwa nyekundu, ya nanomita 694.

Shaba nayo ina leza yake, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1966. Shaba huwekwa katika mrija na kupashwa joto hadi takriban digrii 1,500 za selisiasi, ikawa mvuke. Kisha umeme hupitishwa kwa mapigo. Elektroni moja ya nje hupandishwa, na ikishuka hutoa nuru ya kijani ya nanomita 511 au ya manjano ya nanomita 578. Hapa hali ya kukawia iko upande usiofaa, yaani ni ile ya chini, mahali elektroni inaposhukia. Hujaa upesi, idadi hairuhusu tena kuzidisha, na leza huzimika yenyewe baada ya muda mfupi mno. Ndiyo sababu leza ya shaba haiwezi kuwaka mfululizo: hutoa mapigo maelfu kwa sekunde, na kati ya pigo na pigo atomu hupewa nafasi ya kurudi chini.

Leza ina nafasi pia katika upimaji wa madini. Pigo fupi la leza likilenga jiwe huvukiza kijisehemu chake na kukifanya gesi yenye joto la maelfu ya digrii. Gesi hiyo ikipoa, elektroni zake hushuka na kutoa mistari ya nuru inayosomwa na kitambuzi. Njia hii ina faida moja inayoihusu Katanga ya kale moja kwa moja. Huko Manono, katika jimbo jirani la Tanganyika, mji uliojulikana zamani kwa bati, kuna akiba kubwa ya lithiamu. Namba ya atomu ya lithiamu ni 3 tu, na eksirei yake ina takriban eV 54, hafifu kiasi kwamba humezwa na hewa kabla ya kukifikia kitambuzi. Kwa metorex, lithiamu ni kama haipo. Kwa leza huonekana waziwazi, kwa mstari mwekundu wa nanomita 671.

7.0 Neno *Kipimo*

Kiswahili hakina upungufu wa uwezo wa kuyaeleza mambo haya. *Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia*, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, Dar es Salaam, mwaka 1990, ilionyesha jinsi istilahi za sayansi zinavyoweza kupangwa kwa utaratibu. Baadhi hukopwa na kutoholewa, kama *elektroni*, *fotoni* na *leza*. Nyingine huundwa kwa mizizi ya lugha yenyewe. *Hali ya kukawia*, mathalani, hueleweka na asiyewahi kusoma fizikia, kwa sababu kila mtu anajua kukawia ni nini.

Tatizo liko kwa maneno ya kawaida yanayobeba maana nyingi. Neno *kipimo* katika matumizi ya kila siku lina maana tatu: chombo kinachopima, tendo la kupima, na namba inayopatikana. Mtu akisema “kipimo ni tatu”, sentensi haionyeshi kama anazungumzia sifa ya jiwe, kazi ya chombo, au makadirio ya programu. Yote matatu yamekuwa kitu kimoja, na kitu kimoja hakina mwanya wa kuulizwa. Mchimbaji anayeshuku namba huonekana kama anayelishuku jiwe lake mwenyewe.

Kiswahili kina nyenzo za kuutenganisha mchanganyiko huo. Chombo kinaweza kuitwa *kipimio*, tendo, *upimaji*, namba, *matokeo ya upimaji*, na kiasi cha shaka kinachobaki katika namba, *ukingo wa kosa*. Mtu anayeweza kusema “matokeo ya upimaji ni tatu, ukingo wa kosa ni nusu” amekwisha kueleza kuwa jiwe linaweza kuwa na 2.5 au 3.5, na kwamba kupima tena si matusi kwa mtu yeyote.

Kwa mujibu wa Katiba ya mwaka 2006, Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa nchini Kongo, pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba cha Kasai. Chuo kikuu hufundisha fizikia kwa Kifaransa, na mashartimashimoni na sokoni watu hubishana kwa Kiswahili. Anayekwenda kati ya mahali hapo pawili huacha ujuzi wake njiani asipokuwa na maneno ya kuubeba.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kuwa elektroni katika atomu zimewekewa hali maalumu, kwamba kushuka kutoka hali hadi hali huzaa nuru yenye nishati maalumu, na kwamba elektroni za ndani huitambulisha elementi kwa uhakika kuliko rangi inayoonwa na jicho. Yameonyesha pia kwamba chombo cha sokoni na leza vimejengwa juu ya kanuni hizohizo, na kwamba asilimia inayosomwa kwenye kioo cha chombo ni makadirio yenye masharti.

Kazi mbili zinapendekezwa kwa idara za lugha na za sayansi zikishirikiana. Ya kwanza ni kukusanya istilahi za upimaji wa madini zinazotumika sasa katika Kiswahili cha Katanga, kuanzia *metorex* na *teneur*, pamoja na maana halisi ambazo wachimbaji na wanunuzi huzipa. Ya pili ni kuandaa karatasi fupi ya Kiswahili inayoeleza hatua za upimaji sahihi: kuchukua sampuli, kukausha, kusaga, kuchanganya, kupima mara tatu na kuandika matokeo yote matatu. Karatasi ya namna hiyo inaweza kutosha ukurasa mmoja, na ingefaa ibandikwe pale gunia linapofunguliwa.